Mwano Usio na Ng'ombe

Katika kijiji cha Isangilo, upande wa Ushirombo, mwano haupigwi ovyo. Mwano ni yowe la kuita watu pale ng'ombe wanapoibwa. Ukilisikia, unatupa jembe, unachukua upinde au fimbo, unakimbilia lilikotokea. Sungusungu wanafuata nyayo za mifugo mpaka mpakani, na hapo mpakani wanawakuta wenzao wa kijiji cha pili wameshasikia filimbi na wanangoja. Wanawakabidhi nyayo, na hao nao wanazifuata mpaka mpaka wao. Ndivyo ng'ombe wa huku wanavyorudi nyumbani. Anayesikia mwano akabaki amekaa analipa faini. Anayepiga mwano ng'ombe hawajaibwa naye analipa faini, na ya huyu wa pili huwa haiombewi msamaha.

Theopista alikuwa ameolewa Isangilo miaka arobaini na miwili, amezika mume hapo, amezeeka hapo, na hakuwa amepiga mwano hata mara moja. Alikuja kuupiga Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, na siku hiyo hakuna hata ndama aliyekuwa amepotea.

Nyumbani alikuwa akiishi na mkwewe, Elieth, mke wa mwanawe Ansgar. Ansgar mwenyewe alikuwa Geita, kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, na simu yake haikupatikana mpaka apande juu kutoka shimoni. Elieth alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye kucheka kwa sauti, na Theopista alimpenda kwa jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu: tangu aingie mji ule, kila asubuhi Elieth alichota maji ya kunawa akayapasha moto kidogo, akamwekea mama mkwe mlangoni, bila kuagizwa. Siku ya kwanza Theopista alidhani ni ugeni, ataacha. Hakuacha.

Kliniki walikuwa wamemwambia Elieth kwamba kwa umbo lake na mimba ya kwanza, asingojee uchungu nyumbani. Aende wiki mbili kabla akakae kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito, pale kituo cha afya, karibu na wakunga. Theopista aliposomewa maneno hayo hakukataa. Alisema tu, "Tumalize kwanza palizi ya mpunga." Palizi ilipoisha akasema waende Jumatatu, baada ya misa ya Jumapili.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Alipokuwa akimzaa Ansgar, mbali na hapo, miaka mingi iliyopita, nesi mmoja alimcheka mbele ya wanawake wenzake kwa sababu ya kanga yake iliyochanika. Alimwambia, "Nyie wa porini, huko porini kwenu hamjui hata kufua?" Kisha akamwacha peke yake na uchungu wake mpaka karibu mtoto atoke. Kichwani mwa Theopista hospitali ilibaki kuwa kile kicheko. Hakutaka Elieth akalale wiki mbili mahali pa kicheko kama kile.

Uchungu haukungoja Jumatatu. Ulianza Ijumaa alfajiri.

"Mama," Elieth aliita, "nadhani ndiyo huu."

"Unauma wapi?"

"Kiunoni, unakuja mbele. Unakuja unaondoka."

Theopista akafikiri jinsi ya kumfikisha kituoni. Siku hiyo ilikuwa ya mnada, pikipiki zote zilikuwa zimekwenda kubeba watu na mbuzi. Mbugani njia ilikuwa imegeuka tope. Akaona itamchukua muda kupata usafiri, na akifika na uchungu mchanga atalazwa huko saa nyingi mikononi mwa wageni. Heri uchungu ukolee kabla, afike akiwa wa kujifungua tu, wamalize, warudi.

Darini kulikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo halikuwa na maziwa. Lilikuwa na mizizi iliyosagwa, dawa ya kuharakisha uchungu aliyoachiwa na marehemu mama mkwe wake. Mwenyewe aliinywa kwa mimba zake zote tano. Marehemu alikuwa akisema nusu kikombe kinatosha kwa mwanamke mwenye nyonga pana. Theopista akamtazama Elieth, akaona nyonga zake nyembamba, akawaza kwamba njia nyembamba inataka nguvu zaidi. Akakoroga na uji, akajaza kikombe.

"Kunywa mwanangu. Utakusaidia."

Elieth alipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, akakunja uso kwa uchungu wa dawa, akasema, "Asante, mama."

Ng'ombe wa jirani walikuwa bado hawajafunguliwa zizini. Walipofunguliwa wakapita na kengele zao, Elieth alikuwa amepiga magoti ameng'ang'ania mguu wa kitanda. Uchungu haukuwa tena unakuja na kuondoka. Ulikuja ukakaa. Theopista amezaa, amezalisha wajukuu wa majirani, anajua kwamba uchungu wa mtoto una tabia ya kumpa mama nafasi ya kuvuta pumzi. Huu haukutoa nafasi. Alimwekea mkono tumboni, akakuta tumbo gumu kama ubao, akangoja lilegee, halikulegea.

Elieth akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hivi ndivyo inavyokuwa?"

Theopista akainuka. Alitoka nje miguu peku, akatazama huku na huku. Nyumba zilikuwa mbalimbali, watu mashambani, wanaume wenye nguvu njiani kuelekea mnadani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichuguu. Akapanda juu yake, akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano.

Sauti yake ilimshangaza mwenyewe, kwa jinsi ilivyotoka kubwa. Ikajibiwa na filimbi ng'ambo ya mto, ikajibiwa na nyingine kilimani. Haukupita muda watu wakaanza kutokea, wengine na pinde, wengine na fimbo, wanawake na majembe yao mabegani. Mbele yao alikuwa Mayala, kamanda wa sungusungu, mzee mnene mwenye mbio za ajabu kwa unene wake.

"Ng'ombe wangapi?" alipaza sauti kabla hajafika.

"Si ng'ombe!"

"Mbuzi?"

"Mayala, ni Elieth! Uchungu umemkamata haumwachii. Nibebeeni mwanangu, nawaomba. Nibebeeni."

Watu wakasimama. Kijana mmoja mwenye misuli, Ngusa, alifuta jasho, akasema kwa hasira, "Mama Ansgar, mimi nilikuwa nafika mnadani. Dume langu nimelifunga kwenye mti njiani, nimekuja mbio na upinde, kumbe mtu anazaa? Wanawake wanazaa kila siku. Huu ni mwano wa uongo."

"Ngusa," Mayala akasema, "dume lako likiibwa, kesho nitafuata nyayo zake mimi mwenyewe kwa tumbo langu hili. Leo shika mguu wa kitanda."

"Lakini sheria..."

"Sheria ipo, haijakimbia. Shika mguu wa kitanda!"

Wakatoa kitanda cha kamba nje, wakatandika godoro na shuka, wakamlaza Elieth kwa ubavu. Mayala akampa mwanawe filimbi, akamwambia apige kilimani, wenzao wa mpakani wasikie, na ujumbe ufike mpaka barabara ya moramu, atafutwe Boaz mwenye guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu. Kisha wanaume wanne wakainua kitanda mabegani, na wengine wakakimbia pembeni kungoja zamu.

Theopista aliwafuata mbugani. Tope lilifika magotini, akawa anavuta mguu mmoja mmoja. Mwanamke asiyemfahamu, aliyekuja na mwano kutoka mashamba ya juu, alimshika mkono hakumwachia. Mwingine alivua kanga yake ya juu, akakimbia nayo sambamba na kitanda, akiishika kumkinga Elieth jua. Ngusa hakuacha kunung'unika njia nzima. Dume langu, alisema. Mnada unafungwa, alisema. Lakini walipofika kwenye shimo la maji ambalo watu wote wa Isangilo wanalijua, Theopista alimwona amehamia upande wa chini bila kuambiwa, maji yakamfika kifuani, akakiinua kitanda kwa mikono yote miwili juu ya kichwa ili kisilowe. Alipotoka akaendelea kunung'unika.

Mpakani walikuwa wameshangojewa. Vijana kumi wa kijiji cha pili walikuwa wamejipanga, mishale mikononi.

"Ng'ombe wako wapi?" kiongozi wao akauliza. "Tuonyesheni nyayo."

Mayala alikuwa akihema hawezi kusema. Akaonyesha kitanda kwa kidole. "Hawa hapa," akasema mwishowe. "Tunawakabidhi. Msipoteze nyayo."

Yule kiongozi akamtazama Elieth, akamtazama Theopista mwenye tope mpaka kiunoni. Hakuuliza la pili. Akaweka mishale chini, akaingiza bega. Ndivyo wanavyokabidhiana siku zote, na siku hiyo hawakubadilisha kitu: wa huku wakatoa bega, wa kule wakaingiza, kitanda hakikugusa chini. Wa Isangilo wangeweza kurudi hapo, kazi yao ilikuwa imekwisha. Mayala na wengine watatu hawakurudi. Ngusa yeye alirudi kwenye dume lake, na Theopista akamwombea heri moyoni.

Boaz alikuwa barabarani na guta yake. Alikuwa ametandika magunia matupu na majani makavu juu yake, kisha godoro lake mwenyewe la kulalia, ambalo alipita nyumbani kulichukua. Aliendesha taratibu, Mayala na wenzake wakikimbia nyuma, na kila gurudumu lilipoangukia kwenye shimo la barabara alisema, "Pole, dada. Pole," kana kwamba mashimo yale aliyachimba yeye.

Elieth aliacha kulia njiani. Hilo ndilo lililomtisha Theopista kuliko kilio.

Kituo cha afya kilikuwa na chumba cha upasuaji. Walimpokea Elieth kwa machela wakamwingiza ndani, na Theopista akabaki ukumbini. Alisimama karibu na ukuta, hakukaa, kwa sababu sakafu ilikuwa safi na yeye alikuwa tope. Akangoja kicheko. Mfanya usafi akapita na ndoo, akamtazama miguu, akaenda. Akarudi na kiti na beseni la maji.

"Nawa miguu, bibi, ukae. Utachoka."

Theopista akanawa. Maji yakamwagika sakafuni, na yule dada akayakausha.

Nesi akatoka haraka. Alikuwa mama wa makamo, glavu bado mikononi. Theopista akainuka. Yule nesi hakuanza na swali. Aliinama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi naitwa Violeth. Ndimi ninayemhudumia Elieth. Nataka kukuuliza jambo moja, nawauliza wote wanaoleta wagonjwa. Amekunywa dawa yoyote ya kienyeji tangu uchungu uanze?"

Theopista akatazama nyuma. Mayala na wenzake walikuwa wamesimama hatua chache tu, na tope lao. Hata wao hawakujua.

"Yeye amesemaje?" akauliza.

"Nimemuuliza mara mbili. Amesema hajanywa kitu. Amesema mama yake alimpa uji tu."

Uji tu. Theopista akaelewa. Elieth alikuwa na ulimi uliojua vizuri ladha ya uji na ladha ya mizizi. Alikuwa amelala ndani na tumbo lile lisilolegea, hajui kama ataliona jua la kesho, na pumzi kidogo aliyobaki nayo ameitumia kumfunika mama mkwe asije akaaibika mbele za watu. Alimtandikia lile neno kama alivyomwekea maji ya moto mlangoni. Theopista angeweza kuingia chini yake akajificha, na hakuna mtu ambaye angejua kamwe.

Mficha uchi hazai, walimwambia wakubwa zake alipokuwa mwali. Hawakumwambia kwamba ipo siku atakayezaa atakuwa mkwe, na uchi wa kufunuliwa utakuwa wa mama mkwe.

"Nilimpa," akasema. Sauti ikatoka ndogo, akaikaza ili hata Mayala asikie. "Mizizi ya kuharakisha uchungu. Nilikoroga kwenye uji. Yeye hana kosa. Nilimpa mimi."

"Kiasi gani?"

"Kikombe kizima. Ilitakiwa nusu."

"Saa ngapi?"

"Kabla ya ng'ombe kufunguliwa. Saa kumi na mbili na nusu hivi. Alikunywa mara moja tu."

Akainamisha kichwa, akangoja. Violeth akamshika kiwiko cha mkono.

"Asante, mama. Umenisaidia sana. Kaa hapa usiende mbali, atakutafuta."

Akageuka, akaingia ndani akikimbia, na Theopista akasikia sauti yake ikimwita daktari. Baadaye ndipo alipoelezwa. Daktari alikuwa amepanga kuangalia kwanza maendeleo kwa muda, labda mtoto angeshuka mwenyewe. Alipoambiwa habari ya kikombe hakungoja tena. Alisema apelekwe kupasuliwa saa ile ile.

Mayala akasogea. Theopista hakuthubutu kumtazama.

"Mama Ansgar," akasema, "mama yangu mimi naye alikuwa na kopo kama hilo. Lilikaa darini karibu na chumvi. Dada yangu alikufa akizaa. Sisi tulisema amerogwa."

Wakakaa pamoja. Theopista akawaza mimba zake tano, na makaburi mawili madogo nyuma ya nyumba, na kopo. Hakuwa amewahi kuyaweka mawazo hayo matatu mahali pamoja.

Mfanyakazi wa maabara akaja kuuliza nani anaweza kutoa damu, maana mgonjwa ataihitaji na iliyopo ni kidogo. Wanne wakasimama wote. Wawili damu yao ikafaa, Mayala mmojawapo.

"Sasa Elieth ataamka Msukuma kama mimi," akasema akitoka na pamba mkononi. "Atadai ng'ombe wa kunywa maziwa kila asubuhi. Mjiandae, nyie Wasumbwa."

"Na akianza kula kama wewe tutamlisha nini?" Theopista akajibu, na akashangaa kwamba amecheka, na kicheko kikageuka machozi, na Mayala akajifanya anaangalia tangazo ukutani.

Jua lilikuwa katikati ya mbingu Violeth alipotoka tena. Alikuwa amebeba kitu ndani ya kitenge.

"Ni msichana," akasema. "Alichelewa kulia. Tumemsugua, tumempa hewa, tukambembeleza, mwishowe akatukasirikia. Msikilize."

Kilikuwa kilio chembamba, cha kukatikakatika, lakini kilikuwa cha hasira kweli.

"Na mama yake?"

"Yupo. Tumbo la uzazi lilikuwa limeanza kuchanika pembeni. Daktari ameshashona. Angechelewa kidogo tu, mama... Ataweza kuzaa tena Mungu akijalia, ila si nyumbani. Kila mimba, mapema, hapa hapa."

"Mimi mwenyewe nitamleta," Theopista akasema. "Hata ikibidi nimbebe mgongoni."

"Mgongoni hapana," Mayala akasema. "Tumeona mbugani unavyotembea."

Elieth alipoamka jioni, midomo imekauka, Theopista alikuwa kando ya kitanda. Alimlowanisha midomo kwa pamba, kama alivyoonyeshwa.

"Nimemwambia nesi," akasema. "Habari ya dawa. Nilikukosea, mwanangu, na ukanifichia. Nisamehe."

Elieth akafumba macho, akafumbua. "Alikugombeza?"

"Hapana. Aliniamkia."

"Basi ni mtu mzuri," Elieth akasema. Kisha, baada ya muda, "Mama, uji wako ulikuwa mchungu kweli."

Alijaribu kucheka, mshono ukamzuia, akashika tumbo. Theopista akamshika mkono, wakakaa hivyo.

Ansgar alifika Jumapili, nguo zake zimejaa vumbi jekundu la Geita. Theopista alimwambia yeye mwenyewe, yote, kabla hajaingia wodini. Ansgar alisimama mlangoni muda mrefu. Alimpenda mama yake, na alikuwa na hasira, na vyote viwili vilionekana usoni. Mwishowe akasema, "Lile kopo liko wapi?" Waliporudi nyumbani alilichukua, akalizika pamoja na kilichomo, shimo refu kama la wachimbaji, na hakulitaja tena.

Mtoto alipofikisha siku arobaini, kijiji kikaitwa mkutanoni. Ngusa alikuwa ameleta shauri. Dume lake halikuibwa, lakini ilibidi aliuze mnada wa wiki iliyofuata, na yeye ni mtu wa sheria. Alisimama, akavua kofia.

"Sina ugomvi na Mama Ansgar," akasema. "Nafurahi mtoto yupo. Ila mwano ulipigwa na ng'ombe hawakuibwa. Kama sheria inalala kwa huyu, kesho kila mwenye kuumwa jino atapiga mwano."

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Mayala akamwita Theopista.

Alisimama katikati, mjukuu mgongoni. "Ngusa amesema kweli," akasema. "Nilivunja sheria, nitalipa. Lakini mnajua mwano tu, hamjui ulikotoka. Uchungu ule haukuwa wa Mungu peke yake. Nilimnywesha Elieth dawa ya kopo, kwa sababu niliogopa hospitali, na nikachelewesha siku tuliyoambiwa twende. Nilitaka asiteseke. Mnisamehe. Na wenye makopo nyumbani, mimi siwahukumu. Nilikuwa nalo miaka arobaini."

Mwanamke mmoja wa nyuma alitazama chini, kisha mwingine. Mayala alikohoa.

"Faini ya mwano usio na ng'ombe," akasema, "ni mbuzi mmoja na debe la mchele, vipikwe, viliwe na waliokimbia. Wote waliokimbia. Wa Isangilo na wa ng'ambo ya mpaka. Na Boaz. Mama Ansgar, unakubali?"

Theopista alitaka kusema kitu kirefu. Kwa siku arobaini alikuwa akijiuliza atawashukuruje watu wengi namna ile, wengine hata majina yao hayajui. "Nakubali," akasema. "Wabeja sana. Naomba iwe mbuzi wawili."

"Mshtakiwa anaomba aongezewe adhabu," Mayala akatangaza, na mkutano ukalipuka kwa kicheko, Ngusa naye akacheka mpaka akakaa chini.

Ikapikwa Jumamosi. Wakala mpaka sufuria zikakwanguliwa. Mfanya usafi wa kituo cha afya alikuja, maana Theopista alimtumia Boaz kumfuata. Violeth alikuwa zamu, akafungiwa mchele na nyama na michembe ya viazi vilivyokaushwa, fungu kubwa. Yule mwanamke wa mashamba ya juu naye alikuja, na ndipo Theopista alipojua jina lake, Mwamvua. Alimpa kanga mpya, doti nzima, na Mwamvua akasema si yeye aliyekinga jua, yeye alishika mkono tu. Wakaitafuta ya pili kwa ajili ya mwenzake.

Kulipopoa, Lusia, mke wa Ngusa, akaja kuosha vyombo karibu na Theopista. Tumbo lake lilikuwa la miezi minane. Aliosha sahani tatu kwanza.

"Mama Ansgar," akasema hatimaye, "kliniki wamenipa tarehe ya kwenda kusubiri kule. Mama mkwe wangu anasema ni uvivu. Ngusa anasema niende, ila naogopa kukaa na watu nisiowajua. Na wewe unawajua."

"Nawajua," Theopista akasema. "Tarehe gani?"

Wakaondoka siku ile ile iliyoandikwa kwenye kadi, asubuhi ya jua, njia imekauka. Boaz alikuja mpaka mlangoni. Lusia alipanda na godoro lake, Theopista na kikapu cha karanga na michembe, kwa ajili ya wote watakaowakuta kwenye nyumba ile. Elieth alibaki mlangoni, mtoto begani, akiwapungia. Maji ya moto alikuwa ameshamwekea mama mkwe alfajiri, kama kawaida.

Kwenye kichuguu kimoja mbugani, kabla ya shimo la maji, walimkuta Ngusa, zamu yake ya ulinzi, filimbi shingoni. Akamtazama mkewe, kisha akatazama pembeni.

"Leo hakuna mwano?" akauliza.

"Leo hakuna," Theopista akajibu. "Leo tumewahi."

Ngusa akashuka kichuguuni, akaisindikiza guta kwa miguu, mkono pembeni yake, mpaka ng'ambo ya shimo la maji, ingawa lilikuwa kavu.